Mawe ya Mtoni Juu ya Kilima

Baba yangu hapendi simu. Anasema ni chombo cha kusemea na mtu usiyetaka kumwona. Mama yetu alipofariki, baba hakwenda mwenyewe. Alimtuma jirani atoke Masukulu hadi Tukuyu akanipigie, na mimi nikaipokea habari ya kifo cha mama yangu kwa sauti ya mtu nisiyemjua. Ndiyo maana wiki iliyopita, nilipoitwa mapokezi hapa gazetini kwamba kuna mzee ananitafuta kwa simu kutoka Tukuyu, sikudhani hata kidogo kuwa ni yeye. "Mwalimu ametuacha," akasema. Nikauliza mwalimu yupi. Akashangaa, kama vile nimemuuliza jua lipi. "Mwalimu," akarudia. "Njoo tuzike. Na safari hii uje na mtoto." Simu ikakatika, nami nikabaki nimeshika mkono wa simu huku dada wa mapokezi akinipa pole.

Wasomaji wangu mmenizoea, kwa hiyo sitawaficha. Kitu cha kwanza kilichonipanda kooni hakikuwa majonzi. Kilikuwa wivu. Mzee wa umri ule amepanda milima na kushuka mabonde katika utelezi wa Rungwe, ameingia kibanda cha simu ambacho maisha yake yote amekipita kwa dharau, kwa ajili ya mwanamke asiyekuwa mke wake, wala dada yake, wala hata wa kabila lake. Kwa mama yangu alituma mtu! Nilijua Mwalimu anastahili. Kujua hivyo ndiko kulikonichoma zaidi, maana wivu juu ya mtu mbaya una dawa, unamsema tu basi unapoa. Juu ya mtu mwema utausemea wapi?

Marehemu alikuwa mzaliwa wa Singida. Alihamishiwa kwetu kufundisha shule ya msingi, akafika na mume mpole aliyepata kazi kiwanda cha chai, na sanduku la bati, na woga mkubwa wa mvua. Kwao mvua ni habari ya kutangaziana; kwetu habari ni siku isiyonyesha. Alikuwa akiingia darasani na viatu vya mpira hadi magotini, mwavuli mkononi, watoto wakimcheka, naye akicheka nao. Kinyakyusa alijifunza neno moja tu, ndaga, yaani asante, akalitumia kwa kila jambo: kusalimia, kuaga, kununua ndizi, hata kukemea. Na watu walimpenda kwa neno hilo moja. Mimi ninayekijua Kinyakyusa chote, na methali zake na matusi yake, sijawahi kupendwa namna ile nikisimama sokoni.

Ilikuwa miaka ya ruksa kuelekea soko huria, wenye umri wangu mnaikumbuka. Ghafla kila kitu kiliruhusiwa. Mitumba ilitandazwa hadi ukingoni mwa barabara pale Kiwira, video zilionyeshwa katika vibanda vya mabanzi, na kijana aliyekuwa na vocha ya kilo moja ya sukari jana, leo alijiita mwekezaji. Hata gazeti hili mnaloshika ni mtoto wa miaka ile, na safu hii vilevile, kwa hiyo siwezi kuilaani sana. Lakini miaka ile ilikuwa na tabia moja: ilikuwa inatazama ardhi na kuona viwanja tu. Ghala la ushirika lilikuwa kiwanja. Uwanja wa mikutano ulikuwa kiwanja. Na kilima kidogo kilichopo kando ya njia itokayo Masukulu kuingia mjini, chenye mikaratusi na kichaka na rundo la mawe, nacho kikawa kiwanja. Tajiri mmoja akakinunua ajenge gesti.

Siku hizo mimi ndiye niliyekuwa msemaji wa Tukuyu, au ndivyo nilivyojiona. Nilikuwa nimeandika juu ya boma la Wajerumani, juu ya chai, juu ya ukungu unaoingia jikoni bila hodi. Wasomaji waliniandikia kutoka Tanga na Bukoba wakisema wanaujua mji wetu kupitia kwangu. Mcheza kwao hutuzwa, wahenga walisema, nami nilikaa nikingoja tuzo yangu. Basi hebu fikirieni mtu wa Singida, na viatu vyake vya mpira, anapanda kilima nilichokipita utoto wangu mzima, amefuatana na darasa la sita, eti wamekwenda kuchora ramani.

Haya yaliyotokea pale alinisimulia mwenyewe. Watoto walikaa juu ya lile rundo la mawe wakichora, hadi binti mmoja akaokota moja, akaligeuza mkononi, akauliza: "Mwalimu, haya mawe yameogea wapi?" Mwalimu akasema yatakuwa ya mtoni, kwa ulaini ule. Binti akatazama bondeni, mbali kabisa, ambako mto wetu hupita. "Sasa yamepandaje huku?" Hilo ndilo swali. Mimi nimezaliwa pale, nimeyaona mawe yale nikiwa ndani ya mbeleko mgongoni mwa mama, na sikuwahi kujiuliza kwa nini juu ya kilima chenye udongo mweusi pawe na mawe ya mtoni, laini, yote ya kuenea kiganjani. Mwalimu hakuwajibu, maana hakujua. Akawaambia wayaondoe taratibu, wayapange pembeni, watazame chini yake.

Chini yake palikuwa na mabamba mawili ya jiwe yaliyolala, yameota kuvu. Walipoyasugua kwa majani waliona nyota ya pembe sita, na maandishi ambayo hakuna aliyeyatambua. Mtoto mmoja Mwislamu alisema si Kiarabu, anakijua cha madrasa. Mwalimu akaweka karatasi juu ya jiwe, akapaka mkaa hadi herufi zikajitokeza, akaipeleka kwa mchungaji wetu, ambaye alifundishwa lugha za kale chuoni na hajapata kuulizwa juu yazo tangu arudi. Mchungaji akavaa miwani, akafuata mstari kwa kidole kutoka kulia kwenda kushoto. "Hiki ni Kiebrania," akasema. "Hawa ni Wayahudi. Mume na mke."

Watoto walibaki vinywa wazi. Kwao Waisraeli walikuwa watu wa shule ya Jumapili, wanaokaa kwenye picha za rangi na kondoo. Mmoja aliuliza kama hawa wa Tukuyu walitembea kwa miguu kutoka Misri. Mwingine akataka kujua kama walikuwa wanakula ndizi. Wakaanza kuulizia kwa wazee wa mjini, na wazee wakakumbuka: kumbe ni Mzungu wa Mikate! Alikuwepo, kabla ya uhuru, na mkewe mwembamba. Walikuja wakati vita vya pili vya dunia vinakaribia, wamekimbia kwao kwa sababu watu wa kabila lao walikuwa wanawindwa. Alioka mikate katika jengo ambalo baadaye lilikuwa ghala la ushirika. Mchungaji akawaeleza watoto kwamba watu hao hubandika kijisanduku cha maneno ya sala kwenye mwimo wa mlango, upande wa kulia unapoingia, kimeinama kidogo. Darasa zima lilikimbia hadi ghalani. Wakakwangua rangi juu ya rangi, na pale, usawa wa bega la mtu mzima, palikuwa na alama ya mshazari na matundu mawili ya misumari.

Yote haya yalikuwa mazuri, lakini gesti ilikuwa inakuja. Tajiri alisema lile ni rundo la kifusi lililoachwa na wajenga barabara, na kuhusu mabamba, alisema jiwe ni jiwe. Bwana ardhi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ofisi. "Mwalimu," alimwambia, "jiwe lenye maandishi siyo kaburi. Linaweza kuwa limetolewa popote. Niletee mtu aliyeona watu wakizikwa pale, aape mbele yangu, nami nitahamisha mpaka wa kiwanja. La sivyo greda linaingia baada ya Pasaka." Wazee wa mjini wakatazamana. Kuzikwa? Hakuna aliyekwenda kwenye mazishi yale. Labda yule kijana aliyekuwa akiwakandia unga wa mikate, wakasema. Alikuwa akitoka Masukulu. Kama bado yu hai.

Yu hai, na ni baba yangu.

Mwalimu ndiye aliyenipigia kuniambia. "Kaka, kumbe tunahangaika na mzee yuko nyumbani kwenu! Hujawahi kuandika habari zake?" Nilijibu kitu, sikumbuki nini. Nilichokumbuka ni njia ya Masukulu, mimi mdogo, tunakwenda sokoni alfajiri, baba mbele na mkungu wa ndizi begani. Tukivuka mto alikuwa akiinama, anaokota jiwe moja, analitia mfukoni mwa koti. Tukifika kilimani anaacha njia, anaingia kichakani, anatoka. Nilimuuliza. Tena si mara moja. "Baba, unaweka nini kule?" Naye alijibu neno moja kila mara, bila kugeuka: "Tembea."

Nikapanda basi kwenda nyumbani. Safari hii nilikwenda na kalamu na daftari na kamera ya kukodi, maana niliona hii ni habari yangu. Baba yangu, mji wangu, kilima changu! Nilimkalisha baba barazani, nikamuuliza yote kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa. Alinitazama vizuri tu. "Mvua mwaka huu imewahi," akasema. Nikauliza juu ya Mzungu wa Mikate. "Maharage yataoza." Nikamweleza juu ya greda. Akainuka akaenda kutazama ng'ombe. Nilikaa kutwa mbili, nikaambulia hali ya hewa ya Rungwe na historia fupi ya ndama.

Ndipo Mwalimu alipokuja na watoto wake, kwa miguu kutoka mjini, matope hadi kwenye sketi. Aliwasimamisha mlangoni mwa shamba letu, nami nikasikia akiwaambia: "Leo hakuna kalamu. Leo hakuna kuuliza. Leo tumekuja kusalimia." Nilicheka moyoni. Nikasema, mwache, atajua. Watoto wakachuchumaa kwa adabu, wakasalimia kwa lugha yetu. Baba akawatazama mmoja mmoja. "Mwalimu, hawa wote wako?" akauliza. Na mwanamke yule wa Singida, ambaye hakuna mtu aliyemfundisha, akajibu: "Ni wako, mzee. Mimi nimewasindikiza tu."

Nilimwona baba yangu anabadilika uso. Basi wakafanya kazi. Wakapalilia migomba, wakateka maji, wasichana wakamenya ndizi na wavulana pia, maana Mwalimu hakuwa na mchezo katika hilo. Jioni wakaondoka bila kuuliza neno. Walipokuja tena baba alikuwa amekaa njiani anawangoja, anajifanya anachonga mpini. Akaanza kuwatania, kama babu anavyotania wajukuu kwetu: huyu alimwita mke wake, yule alimwambia ana masikio ya kufukuzia ndege shambani. Kelele! Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu na daftari langu, na sikuwahi, nasema sikuwahi hata siku moja, kusikia baba yangu akicheka hivyo. Nilitaka kuwafukuza wote.

Na alipokuwa ameshakolea, akiwa na kikombe cha chai mkononi, wala hakuna aliyemuuliza, akaanza mwenyewe. Alisema yule mama, mke wa Mzungu wa Mikate, alifariki kwa homa, masika. Waliomzika walikuwa wawili, mumewe na yeye baba yangu, maana mume hakutaka padri wala mchungaji wala watu wa serikali. Baada ya hapo mume alikuwa akipanda kilimani kila wiki, lakini kamwe si Jumamosi, siku ambayo hakugusa kazi wala unga. "Sasa mimi," baba akasema, "nikamwonea huruma mama yule. Nikienda pale nakuta vijiwe juu ya kaburi lake. Nikasema, ni watoto wachunga ng'ombe hawa, wanatupa mawe juu ya maiti wa watu! Kwetu kaburi linafagiwa. Likiwa chafu ni aibu ya walio hai. Basi nafagia. Nachukua vile vijiwe vyote, navitupa bondeni. Wiki ijayo navikuta vingine. Nafagia. Navikuta. Nafagia! Nikaapa nikimkamata huyo mtoto nitamchapa."

Watoto walikuwa wameshaanza kucheka, wameona kisa kinakokwenda. "Siku moja nikajificha nyuma ya mkaratusi na fimbo yangu. Nikamwona anakuja. Ni bwana mwenyewe! Anatoa jiwe mfukoni, analiweka juu ya mkewe, anasimama. Nikatoka na fimbo mkononi nimeduwaa. Akaniuliza, 'Ni wewe unayeyaondoa?' Nikasema ndiyo bwana, nilikuwa nasafisha. Mzungu yule akakaa chini kwenye nyasi. Akacheka, akacheka, halafu nikaona siyo kucheka tena. Akaniambia: kwetu ua linanyauka, jiwe linabaki. Jiwe maana yake, nimekuja. Kila wiki nilikuwa najiuliza nani anamwambia mke wangu kwamba sijaja."

Baba akasema tangu siku ile alikuwa akishuka mtoni kumtafutia bwana yule mawe mazuri, kwa kulipia makosa yake. Na bwana alipokaribia kufa, hana mtoto, hana ndugu, wote walibaki kwao na hawakupona, alimuuliza jambo moja tu: na mimi, nani ataniambia kwamba amekuja? "Nikamwambia mimi, nikamzika kando ya mkewe, chini ya bamba alilokuwa amejichongea mwenyewe. Basi ndiyo hiyo. Nikienda sokoni, jiwe. Kwake yeye na kwa mkewe."

"Babu," akauliza yule binti wa mawe, "mbona hukumwambia mtu?"

"Mimi ni mzee wa kanisa, mjukuu wangu. Mzee wa kanisa anayeingia kichakani alfajiri anaweka mawe kwenye makaburi, wewe ungesema nini?"

"Mchawi," watoto wakasema kwa pamoja, kisha wakaziba midomo.

"Ehee! Au anatambikia. Ningeondolewa kwenye meza ya Bwana. Na bibi yenu," akimaanisha mama yangu, "angebeba aibu ile sokoni." Kwa hiyo mnaona, wasomaji wangu, Mwalimu hakuwa akimwomba mzee hadithi. Alikuwa anamwomba aende ofisini kwa bwana ardhi, mbele ya mji mzima, aseme kwamba miaka yote hiyo ameweka mawe kichakani. Alimwambia hivyo waziwazi, na akamwambia asiende kama roho yake haitaki. Watoto watajifunza kwingine. Baba akanyanyua kikombe, akakuta ni kitupu, akakiweka. "Wajukuu wameshajua," akasema. "Nikificha sasa nitakuwa nawafundisha uongo."

Alikwenda. Alivaa koti la Jumapili, akazungukwa na darasa la sita, akaapa. Palikuwa na minong'ono, tena mikubwa, na Jumapili iliyofuata kiti chake cha wazee kanisani kilitazamwa na kila jicho. Mchungaji alisimama akasema hata katika Maandiko kuna watu walitoa mawe mtoni wakayasimamisha mahali, ili watoto wapate cha kuuliza. Baba akabaki na kiti chake, ingawa kuna mzee mwenzake mmoja ambaye mpaka leo hamshiki mkono. Mpaka wa kiwanja ukasogezwa. Gesti ipo, ina rangi ya waridi na disko la Jumamosi, na nyuma yake kuna uzio wa michongoma uliopandwa na watoto, na makaburi mawili.

Mimi je? Niliandika safu, na ikasifiwa. Lakini kabla ya kurudi Dar es Salaam nilimkabili baba. Nilimwambia: "Baba, mimi nilikuuliza. Nilikuuliza nikiwa mdogo, nimekuuliza juzi hapa." Nilikuwa karibu kulia, mtu mzima mimi. Baba akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Uliuliza," akasema. "Lakini wewe ni mwanangu. Mwana hutumwa. Anayesimuliwa ni mjukuu. Sasa wewe umeniletea mjukuu gani?" Binti yangu alikuwa amezaliwa Dar, amekwenda Masukulu mara moja akiwa hajaota meno.

Nimelifikiria jibu lile kwa miaka. Mwanzoni niliona ni ushamba tu wa wazee wetu, ule wa baba kukaa mbali na wanawe, maneno yao yasizidi jembe na ng'ombe. Lakini tazameni tulivyokuwa miaka ile ya kufunguliwa kwa milango. Sisi wa katikati tulikuwa tunakimbia. Tulikuwa tunanunua na kuuza, tunahama, tunawapeleka watoto shule za Kiingereza, na kila tulichokikuta tulikiuliza faida yake. Mzee ana haki ya kuogopa kutia yai mkononi mwa mtu anayekimbia. Mwalimu aliiona nafasi ile tuliyoiacha wazi kati ya wazee wetu na watoto wetu, akaingia humo na viatu vyake vya mpira. Hakuwa na damu yetu. Aliwaleta watoto tu, akasema ni wako, mzee. Maneno ambayo ningeweza kuyasema mimi, tena kwa haki zaidi, kama ningekuwa na mtoto mkononi.

Tulimzika Jumatano. Alikuwa ameomba asirudishwe Singida. Kanisa lilijaa hadi nje, kwaya ikaimba mvuani, nami nilikaa nikiwatazama watu wale na kujiuliza kwa husuda kama hata robo yao watakuja kwangu. Darasa lile la sita sasa ni vijana, wengine wana watoto, yule binti wa mawe mwenyewe ni mwalimu huko Kisondela. Udongo ulipokwisha kufunika, na wanawake kupanga maua, vijana wale walipita mmoja mmoja, kila mmoja akaweka jiwe la mtoni. Watu wa mji hawakushangaa. Hakuna aliyenyanyua ufagio.

Binti yangu alikuwa amesimama karibu nami, na viatu vyake vya mjini vimeharibika. Akanivuta koti. "Baba, mbona wanamwekea mawe?" Moyo wangu ukaruka. Nilikuwa na jibu zima, limepangwa vizuri, nimeliandika gazetini! Nikafungua mdomo, lakini baba yangu alikuwa amemsikia. Akanyoosha mkono mkavu, akaushika wa mtoto. "Njoo, mke wangu," akamwambia. "Twende, nitakwambia mimi. Kwanza tutafute jiwe lako." Wakaanza kuteremka kuelekea mtoni, mzee anakanyaga polepole, mtoto anaruka madimbwi, na mara nikamsikia binti yangu anacheka, nadhani hadithi ilikuwa imefika pale pa fimbo na mkaratusi. Nilimwonea wivu mwanangu mwenyewe, Mungu anisamehe, kwa namna ambayo sijapata kumwonea tajiri yeyote.

Ninyi wenzangu mlio katikati, mnaolalamika kwamba wazee wanakufa na habari zao, msinunue vinasa sauti. Pelekeni watoto. Wapelekeni wakapalilie, wakataniwe, kisha mkae pembeni mnyamaze, hata kama kunauma, na kutauma. Mimi niliwafuata nyuma kidogo, nikajifanya natazama njia, nikinyoosha sikio. Baba akageuka. Akaniona nilivyokaribia.

"Tembea," akaniambia.

Nikatembea, lakini polepole.